Usiende Usikokuona

Madereva wengi wa Bute, huku Wajir Kaskazini, hukutana na ukungu kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wamo ndani yake. Umejifunza kuendesha kwenye murram na mchanga, chini ya jua kali, mahali ambapo gari linalokuja unaliona kwa vumbi lake muda mrefu kabla ya kuliona lenyewe. Kisha siku moja unapakia abiria wa Nairobi, unapitia Moyale, unashika lami, unakata jangwa la Dida Galgalu vioo vikiwa wazi kwa joto, na giza likishaingia barabara inaanza kupanda Mlima Marsabit. Baridi inakuingia mikononi. Kioo cha mbele kinafifia. Unadhani ni moshi wa mtu anayechoma makaa, kumbe ni wingu limekaa barabarani. Abiria wamelala, na nyuma yako kuna lori la ng'ombe lenye haraka kukushinda.

Nimekaa na madereva wetu wengi wanaokumbuka usiku kama huo, na karibu wote wanasema jambo moja: hawakujua la kufanya, wakafuata taa za nyuma za gari lililokuwa mbele yao na kumwachia Mungu. Mungu amewahifadhi, alhamdulillahi. Lakini ufundi wa kupita penye giza la mchana au la usiku unaweza kujifunzwa, na ningependa tuujifunze kabla ya safari, tukiwa tumekaa hapa kwenye chai.

Ukungu wa Marsabit si kitu pekee kinachotufumba macho. Kwetu vumbi hufumba watu wengi zaidi, kwa sababu lipo karibu kila siku ya kiangazi. Na maji ya laga, yaani mto wa msimu, hufumba vibaya kuliko yote mawili, kwa kuwa hayafichi gari la mbele bali yanaificha ardhi yenyewe. Sheria ya vitu hivi vitatu ni moja, nayo ni kwamba usiende usikokuona. Mwendo wako uwe ule utakaokuwezesha kusimama kabisa ndani ya kipande cha barabara ambacho macho yako yanakifikia.

Tulipime neno hilo kwa mita. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva mzima, asiye na uchovu, huhitaji kama sekunde moja na nusu kuona, kufahamu na kuhamisha mguu hadi kwenye breki. Hapo mita 33 zimekwisha na breki haijaguswa. Lami ikiwa kavu na tairi zikiwa nzuri, gari litahitaji mita nyingine 35 au zaidi kidogo ndipo lisimame. Jumla ni karibu mita 70. Kwenye murram yenye changarawe zinazoviringika chini ya tairi, jumla hiyo inaweza kufika mita 100. Kwa mwendo wa 40, kwenye lami kavu, mita 27 hivi zinatosha. Siku moja simama mbele ya duka lolote hapo Bute, upige hatua 70 ndefu, kisha geuka utazame ulikotoka. Huo ndio umbali unaouhitaji ukiwa kwenye 80. Sasa jiulize ukungu unaokuachia mita 30 unakuruhusu mwendo gani. Sheria ya Kenya inawaruhusu madereva wa mabasi na malori kufika 80 nje ya miji, na watu huichukua namba hiyo kama haki yao. Ni mpaka wa siku njema, barabara ikiwa kavu na macho yakiona mbali.

Mlima Marsabit umesimama peke yake katikati ya nyanda kavu, na kilele chake kinapita mita 1,700. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiufikia hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na ukipoa mvuke wake hugeuka matone madogo mno yanayoelea. Ndiyo sababu juu yake kuna msitu mnene wakati chini ni jangwa, na ndiyo sababu ukungu huanza usiku na mara nyingi hauondoki hadi jua lipande vizuri. Tusiuchukulie mzaha mlima huo. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Wanahewa la Kenya, iliyobeba wabunge na viongozi waliokuwa wakienda kutafuta amani kati ya jamii za huko, iligonga mlima karibu na mji wa Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walifariki, miongoni mwao mbunge Dkt. Bonaya Godana na mbunge wa Moyale wakati huo, Guracha Galgallo. Watu wazima wa kaskazini wanaikumbuka siku hiyo kwa majina. Ikiwa ndege yenye vyombo na rubani wa jeshi ilishindwa, dereva wa Probox mwenye macho mawili ana kila sababu ya kuuheshimu mlima ule.

Heshima hiyo huanza kwenye saa ya kuondoka. Kutoka Moyale hadi Marsabit ni kilomita 250 hivi. Ukiondoka Moyale saa mbili asubuhi utaupanda mlima karibu na saa sita, kukiwa kweupe, na utaweza kufika Isiolo kabla ya giza. Ukiondoka jioni kwa sababu ulikuwa unasubiri abiria wawili wa mwisho, umejipangia mwenyewe kukutana na ukungu usiku. Nauli ya abiria wawili haistahili hilo.

Ukishaingia ndani yake, punguza mwendo polepole, usikanyage breki kwa ghafla, maana yule wa nyuma haoni zaidi yako. Washa taa za chini. Wengi hufanya kinyume: wakiona giza huwasha taa za juu, na mara moja mbele yao panasimama ukuta mweupe. Ukungu ni matone ya maji, na kila tone hurudisha mwanga machoni pako; kadiri taa inavyopiga juu na kwa nguvu ndivyo unavyojipofusha. Kama gari lako lina taa za ukungu zilizofungwa chini karibu na bampa, hapo ndipo kazi yake. Taa zile kubwa za kufunga juu ya paa, ambazo vijana wetu huzipenda sana, zizime kabisa.

Fungua kioo cha pembeni kidogo. Kwanza utasikia, na sikio ni msaada mkubwa pale jicho linaposhindwa. Lori linalopanda kwa gia nzito husikika kabla ya kuonekana. Pili, hewa ya ndani na ya nje zikilingana, kioo cha mbele hakitajaa mvuke kwa ndani. Watu wanane wakipumua ndani ya gari lililofungwa hutengeneza ukungu wao wenyewe. Usiufute kwa kiganja, kwa sababu mafuta ya ngozi hubaki kwenye kioo na taa ikikupiga yanametameta yote. Weka kitambaa safi, kikavu, mahali mkono unapofika.

Macho yako yafuate mstari wa pembeni, upande wako wa kushoto. Ukifuata mstari wa katikati utakutana na mwenzako anayeufuata huo huo kutoka upande wa pili. Wala usizifuate taa nyekundu za gari la mbele kana kwamba ni kiongozi wako, kwa kuwa yeye akitoka barabarani, nawe umetoka. Na kila mara tupia jicho saa ya mwendo. Pasipo vichaka na nguzo za kupita pembeni, mwili hupoteza kipimo, na unaweza kujiona unatambaa ilhali uko kwenye 60.

Zile taa mbili za njano zinazomemeteka pamoja ni za gari lililosimama. Nimeona basi zima likipanda mlima taa hizo zikiwaka, dereva akidhani anajilinda. Anayekuja nyuma hataelewa kama umesimama au unakwenda, na ukitaka kukata kona hutakuwa na njia ya kumwonyesha. Ukiamua kusimama, basi toka barabarani kabisa, mbali na lami, ndipo uziwashe. Washushe abiria wasimame mbali na gari, upande usio wa barabara, si nyuma yake. Weka pembetatu ya tahadhari hatua 50 au zaidi nyuma. Ukikosa pembetatu, matawi ya majani ni alama ambayo kila dereva wa Kenya anaielewa. Lakini ukiondoka, yaondoe matawi hayo, na yaondoe mawe uliyokingia tairi. Jiwe lililoachwa katikati ya lami ni mtego uliomtegea mtu usiyemjua.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa mpakani. Kenya tunaendesha kushoto, Ethiopia wanaendesha kulia, na tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Moyale kilipofunguliwa rasmi mwezi Desemba 2020, magari ya pande zote mbili yamezoea kuvuka. Mtu anayeendesha upande wa ugenini huukumbuka vizuri akiwa ametulia. Akishtuka, mkono wake hurudi kwenye mazoea. Kwa hiyo karibu na Moyale, kwenye giza, vumbi au ukungu, taa zikikujia kwenye upande wako usibishane nazo kwa honi. Punguza, sogea pembeni, mwache apite. Na ukiwa wewe ndiye unayeingia Ethiopia, mweke mtu mbele akukumbushe kila mnapotoka kituoni.

Sasa vumbi. Hili ndilo nalitaka tulizungumze kwa kirefu, kwa sababu tumelizoea, na kitu ulichokizoea hukuua ukiwa umetulia.

Lori la mbuzi likipita kwenye murram wakati wa kiangazi huacha nyuma yake wingu ambalo ni zito kuliko ukungu wowote. Ndani ya wingu hilo kunaweza kuwa na lori la pili, Land Cruiser inayojaribu kulipita, mama na punda wake wenye mitungi ya maji, au mtoto anayekimbilia mwanakondoo. Madereva wetu hufanya makosa mawili hapo. La kwanza ni kufukuza. Mtu anakula vumbi la lori kwa nusu saa, anachoka, anaamua kulipita huku haoni hata namba yake ya nyuma. La pili ni wakati wa kupishana: anaona lori linakuja, barabara yake iko wazi, anashikilia mwendo wake, wanapishana, na sekunde ile ile anaingia kwenye wingu akiwa na 80.

Kwa kosa la pili, punguza mwendo kabla hamjapishana. Ukisubiri hadi wingu likufunike utakuwa umechelewa. Sogea kushoto, washa taa za chini hata kama ni adhuhuri, na uingie wingu hilo kwa mwendo wa mtu anayetarajia kukuta kitu ndani. Gari jeupe au la kijivu lililofunikwa na vumbi lina rangi ya barabara yenyewe. Taa zake ndizo tu zinazolitambulisha. Mimi ningesema kila gari la Wajir Kaskazini liwashe taa mchana kutwa likiwa kwenye murram.

Kwa lile la kwanza, dawa yake ni kubaki nyuma. Simama. Mpe yule wa mbele dakika tano au kumi, vumbi litulie, ndipo uendelee. Ukiwa huna budi kumpita, tazama upepo. Vumbi huegemea upande mmoja. Kama linalala kushoto, upande wa kulia utakuwa na nafasi ya kuona, nawe ungoje mahali ambapo barabara imenyooka na unaiona yote mbele ya lori, tena dereva wake amekutambua na kukupa ishara. Kama upepo umelala na wingu limetanda barabara nzima, hakuna kupita. Jua pia kwamba dereva wa lori kwenye murram hushika katikati, pale palipo na changarawe chache, na huenda hajui kama upo.

Ninaelewa kuwa kuna sehemu ambapo mabasi na malori ya Kaskazini Mashariki husafiri kwa msafara wakisindikizwa na polisi. Hali ya usalama imelazimisha hivyo, na sina neno dhidi yake. Lakini msafara ni magari kumi kwenye vumbi moja. Kabla ya kuondoka, madereva wakubaliane na kamanda wa msindikizo juu ya nafasi kati ya gari na gari, na namna ya kupeana habari mmoja akisimama ghafla. Mtu akipoteza wenzake machoni kwa sababu ya vumbi, ajue la kufanya ni nini na watasubiriana wapi. Mazungumzo hayo ni ya dakika chache, na ni bora yafanyike chini ya mti kuliko yasifanyike kabisa.

Vumbi kavu likikaa kwenye kioo, usiwashe waipa bila maji. Litakwaruza kioo, na mikwaruzo hiyo utaijutia jua likikupiga usoni. Na jua lenyewe usilisahau. Anayetoka Bute kwenda Moyale jioni anaelekea magharibi, jua likiwa limeshuka usawa wa macho yake. Kioo chenye vumbi kikipigwa na jua la saa kumi na mbili kasorobo ni sawa na pazia. Osha kioo kabla ya safari, shusha kile kibao cha kukinga jua, na kama bado huoni, sali Asri yako bila haraka, subiri lizame.

Hapo ndipo unapokuja mwezi wa Ramadhani. Ile nusu saa kabla ya Magharibi ndiyo nusu saa ninayoiogopa kuliko zote katika mwaka. Dereva amefunga tangu alfajiri, maji mwilini yamepungua, jua liko machoni, na moyo wake uko nyumbani kwenye futari na watoto. Tafadhali, wekeni tende na chupa ya maji ndani ya gari. Adhana ikikukuta njiani, simama kando ya barabara, fungua na abiria wako, mpumzike kidogo, mwendelee. Wake na kina mama walioko nyumbani nao wasipige simu kila dakika tano kuuliza amefika wapi. Na msafiri ana ruhusa ya dini kula na kulipa siku hiyo baadaye. Dereva aliyebeba roho za watu anapoichukua ruhusa hiyo asionekane kuwa na imani dhaifu.

Kuhusu barabara iliyojikunja kama mabati nitasema machache. Ni kweli kwamba ukikimbia, gari hutulia na mtetemeko hupungua. Linatulia kwa sababu tairi zinaruka kutoka mgongo hadi mgongo bila kushika chini, na tairi isiyoshika chini haipati breki wala usukani. Kona ikitokea, gari litanyooka moja kwa moja hadi kwenye miiba. Heri uchelewe na kutetemeka.

Na ngamia usiku. Mwili wake uko juu, miguu ni myembamba, rangi yake ni ya mchanga. Taa za chini zinakuonyesha miguu minne tu inayofanana na vijiti vya kichaka, na ukimgonga, kilo 400 au 500 zinaanguka juu ya kioo mahali ulipokaa wewe. Ukiona mmoja, simama, kwa maana wa pili na wa kumi wako gizani wanamfuata. Wachungaji nao wangetusaidia sana kama wangefunga kitambaa kinachong'aa shingoni mwa ngamia anayeongoza kundi.

Sasa nije kwenye laga.

Kaunti ya Wajir kwa wastani hupata mvua ya milimita 240 hivi kwa mwaka. Huku kwetu juu, Bute na Gurar, karibu na nyanda za juu za Ethiopia, hupata kati ya 500 na 700. Mvua hiyo, na ile inayonyesha ng'ambo ya mpaka, hushuka kwa kupitia laga. Ndiyo maana laga huweza kuja siku ambayo hakuna tone lililoanguka kichwani mwako. Mchanga ni mkavu, mbuzi wanalala humo kwenye kivuli, mbingu ni buluu. Kisha unasikia mngurumo kama wa lori mbali, unaona ulimi wa maji ya kahawia umebeba povu na vijiti, na baada ya muda mfupi panapita mto. Kwa hiyo misimu ya mvua, Gu na Deyr, usiegeshe gari ndani ya laga, usilale humo, usisimame katikati kupiga picha wala kubadilisha tairi. Kabla ya kuondoka, piga simu kwa watu walio upande wa juu, mpaka Gurar na hata ng'ambo, uulize kama kumenyesha. Wafugaji wanajua. Wao huitazama mvua ya mbali kila jioni kwa sababu malisho yao yanaitegemea.

Ukikuta maji yanatembea, jua unashindana na nini. Mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa kilo 1,000. Maji ya kina cha sentimita 30 tu, kama yanakwenda kwa kasi, yanaweza kuliinua na kulisukuma gari dogo. Yakifika 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu tunayoyaamini. Sababu ni kwamba gari limefungwa kama mtungi: kadiri linavyozama ndivyo maji yanavyolisukuma juu, tairi zinapoteza uzito, na mkondo unalichukua. Injini yenye nguvu haisaidii kitu hapo, maana tairi hazigusi chini. Uzito wa basi nao hauliokoi. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika huko Mwingi. Watu walikuwa wamesimama kando wakilitazama. Lilielemea upande, likazama, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Tarehe 9 Aprili 2024, kwenye barabara yetu ya Garissa, basi lilisombwa na mafuriko pale Tula. Abiria 51 walipanda juu ya paa, wakaokolewa wote. Ni barabara ile ile ambayo mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilikuwa zimeikata.

Kwenye drifti, zege lile la kuvukia, hatari ni ya namna nyingine pia. Maji hula udongo wa chini yake, zege likabaki kama kaka la yai, au kipande cha katikati kikaondoka kabisa. Juu unaona maji yametulia na kung'aa. Huwezi kujua kilichopo chini hadi maji yashuke. Mwenzako aliyepita saa moja iliyopita hajathibitisha chochote, maana pengine tairi zake ndizo zilizolimalizia zege hilo.

Maji yaliyosimama ni jambo jingine. Hayo unaweza kuyapima kwa miguu, ukitangulia na fimbo ndefu, ukikagua kila hatua kama chini ni mchanga, jiwe au tope. Yakizidi goti, rudi. Yakiwa chini ya hapo na chini ni pagumu, weka gia nzito tangu mwanzo, ingia polepole, usibadilishe gia katikati, usiachie mafuta, hadi utoke. Ukishatoka gusa breki mara kadhaa taratibu ili zikauke. Injini ikizimika ndani ya maji, usiiwashe tena; ikivuta maji itavunjika ndani, na gari ambalo mngelivuta tu kwa kamba mtaliacha gereji kwa miezi. Maji yanayotembea usiyaingie kwa miguu kuyapima. Sentimita 15 zenye kasi zinamwangusha mtu mzima.

Tope likikukamata baada ya mvua, usizungushe tairi kwa hasira, unachimba kaburi la gari. Punguza upepo wa tairi hadi karibu psi 20, zitatanuka na kushika. Chimba mbele ya tairi, weka matawi au mbao, mshuke wote, mtoke kwa gia ya pili bila fujo. Kisha jazeni upepo tena kabla ya kwenda kasi, maana yake lazima uwe na pampu. Gari la kwetu lisiondoke bila pampu hiyo, chepe, kamba, ubao wa kuwekea jeki kwenye mchanga, tairi mbili za akiba, tochi na mtungi wa lita 20 wa maji ya kunywa. Mtandao wa simu hukatika kwa kilomita nyingi, kwa hiyo mtu mmoja nyumbani ajue umeondoka saa ngapi na umepita njia ipi. Nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199, na haitozi.

Nusu ya haya yote dereva mzuri tayari anaijua. Kinachomshinda mara nyingi ni watu. Maji yako mbele, yeye amesimama, na nyuma yake sauti zinaanza: "Pita tu, wenzako wamepita." "Kwani hili gari ni la mayai?" "Mimi nina mgonjwa Wajir." Mwenye gari anapiga simu kuuliza mbona bado. Mzigo wa miraa unanyauka. Kijana wa miaka 24 aliye kwenye usukani anaona aibu, na aibu ikakanyaga mafuta. Nawaomba abiria, hasa wazee wetu ambao neno lao huheshimiwa: dereva akisimama, msifuni. Mzee mmoja akisema kwa sauti kwamba umefanya vizuri kusimama, gari zima hunyamaza. Na mwenye gari ampe dereva wake neno hilo mapema, mbele ya watu, kwamba hatafukuzwa kazi wala kukatwa pesa kwa kuchelewa kwa sababu ya maji, vumbi au ukungu. Miraa inayotafunwa ili kuufukuza usingizi nayo inaacha macho wazi tu. Uchovu unabaki ndani, na maamuzi yanakuwa mabaya bila mwenyewe kujua.

Nilikuwa abiria msimu mmoja wa Deyr, tukazuiwa na laga moja kati ya Bute na Buna. Tulifika jua likizama. Maji yalikuwa mapana, hayakuonekana makali. Dereva wetu alishuka, akavunja kijiti, akakichomeka kwenye mchanga pale hasa maji yalipoishia, akarudi akazima injini. Vijana wawili walianza maneno. Mzee aliyekaa mbele akamwambia, "Abti, washa moto, tunywe chai," na maneno yakaisha. Tulitandika mkeka kwenye kilima, mbali na kingo, tukasali, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia. Baada ya Isha dereva alienda na tochi kukitazama kijiti chake. Hakukiona, maji yalikuwa yamekipita kwa hatua tatu. Akachomeka kingine. Usiku wa manane kikawa bado ukingoni. Alfajiri kilikuwa kimesimama kwenye mchanga mbichi, na maji yako chini yake hatua nane, hayatembei tena. Akakunja suruali, akavuka kwa miguu kwanza, maji yakimfika kwenye vifundo, akageuka upande wa pili akatupungia mkono.